Tofauti au Mbalimbali? Somo Nililopewa Landless

Yako maneno ambayo mtu huyatumia maisha yake yote bila kuyatazama usoni. Kwangu mimi, neno la Kiingereza ‘various’ lilikuwa mojawapo. Nilikutana nalo darasani, magazetini na katika karatasi za mitihani, na kila nilipotakiwa kulitafsiri, mkono wangu uliandika lolote lililotangulia kufika: tofauti, mbalimbali, anuwai, aina aina. Kamusi nilizokuwa nazo ziliyaorodhesha pamoja bila kunionya, nami nikayachukulia kuwa ndugu wa tumbo moja. Ilinibidi nirudi nyumbani Landless, mwezi wa Januari 2008, ndipo nitambue kwamba hayakuwa ndugu. Yalikuwa majirani tu, na mwaka ule tulijifunza kwamba majirani hawafanani.

Kwa asiyeijua, Landless ni mtaa ulio nje ya mji wa Thika, ukishika barabara ya Garissa na kuipita Makongeni. Jina lake lenyewe ni kivumishi cha Kiingereza, maana yake ‘asiye na ardhi’. Historia ya jina hilo haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Kiambu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ardhi kubwa iliyouzunguka mji wa Thika ilitwaliwa na walowezi, ikawa mashamba ya kahawa na mkonge, na baadaye mananasi. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, kisha viwanda vikaja kimoja baada ya kingine: vya nguo, vya ngozi, vya kusindika matunda, vya mafuta ya kupikia. Mashamba na viwanda vilihitaji mikono, na mikono ikaja kutoka Murang’a na Nyeri, Machakos na Kitui, Kakamega, Siaya, Kisii, hata Pwani. Wazee wa mtaa husimulia kwamba waliotangulia kupata vipande pale walikuwa watu wasiokuwa na pa kujenga, na jina likawashika. Leo viwanja vya Landless huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho, na wengi wana hatimiliki zao kabatini. Jina, hata hivyo, limebaki. Nami naliona lina ila moja: linataja kile walichokosa watu wale, wala halitaji walikuwa kina nani.

Walikuwa kina nani? Katika ploti yetu ya vyumba 10, asubuhi moja tu penye bomba la maji ungesikia Kigikuyu, Kikamba, Kiluhya, Ekegusii na Kiswahili cha namna tatu. Punje zile zile za kijani sisi tuliziita ndengu. Bibi mmoja mjane kutoka Mombasa, aliyeletwa Thika na kazi ya marehemu mumewe katika kiwanda cha nguo, aliziita pojo. Na vitabu vya shule vilituambia kwamba ni choroko. Hatukugombana kwa ajili yake. Tulizipika na tukala. Bibi huyo aliuza mahamri alfajiri, na yeye ndiye aliyekuwa kamusi yangu ya kwanza kabla sijajua kwamba kuna kamusi za karatasi.

Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Yaliyofuata baada ya matokeo kutangazwa, kila Mkenya anayajua: watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Chuo chetu kiliahirisha kufunguliwa, nami nikawa nyumbani. Landless tunayoizungumzia haikuchomwa moto. Hata hivyo, hofu ilikuwa imeingia hadi vyumbani. Watu walianza kuteka maji kwa mafungu, na salamu zikapungua urefu. Katika chumba cha mwisho cha ploti yetu aliishi fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Magharibi, pamoja na mkewe na watoto watatu. Lango la ploti yetu alilitengeneza yeye. Jioni alikuwa na desturi ya kukaa kwenye kigoda nje ya mlango wake akisikiliza redio. Katika majuma yale kigoda kilikaa peke yake.

Wazee wa mtaa wakaamua kuitisha mkutano wa amani. Karani mmoja mstaafu aliandika barua kwa Kiingereza safi cha ofisini, akiwaalika wakazi wote wa ‘various communities’ wakutane siku ya Jumamosi uwanjani. Kisha wakaniita mimi. “Wewe ndiwe unayesomea Kiswahili,” wakasema, “tuwekee hii katika lugha ya watu.” Nilifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa elimu yangu kuhitajika na mtu asiyetoa alama. Nikaketi, nikaandika kwa kalamu nene: Wakazi wote wa jamii tofauti wanaombwa kuhudhuria. Nikalibandika tangazo hilo jioni kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga, mahali ambapo kila mtu hupita.

Asubuhi nilipokwenda kununua mahamri, yule bibi alikuwa amekwisha kulisoma. Hakunipa mahamri kwanza. Aliniuliza, “Mwanangu, wewe ndiwe uliyeandika ile karatasi?” Nikakubali kwa majivuno kidogo. Akasema, “Basi hizo tofauti mwazijua wenyewe. Mimi hapa sina tofauti na mtu.” Nikajaribu kumweleza kwamba nilikusudia jamii nyingi, za kila upande. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwaga maziwa. “Kama ulikusudia hayo, mbona hukuyasema? Karatasi ya kupatanisha watu yaanzaje kwa kuwatofautisha?”

Nilirudi mbio nikalibandua tangazo. Lakini nilipofika kwenye ploti, chumba cha mwisho kilikuwa wazi. Fundi na jamaa yake walikuwa wameondoka alfajiri, kwa gari la mizigo, bila kuaga. Kigoda walikiacha.

Sidai kwamba neno langu ndilo lililowahamisha. Gari la mizigo halipatikani kwa usiku mmoja. Bila shaka safari ile ilikwisha kupangwa. Hata hivyo najua kwamba mkewe alikwenda kusaga mahindi jioni ile, na njia ya kwenda mashineni ilikuwa mbele ya karatasi yangu. Neno la mwisho ambalo mtaa wetu uliwaandikia ukutani lilikuwa ‘tofauti’, na mwandishi wake ni mimi. Ndiyo sababu naliandika jambo hili katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili wala si kwingineko.

Tangazo la pili nililiandika kwa uangalifu, au ndivyo nilivyodhani. Nilifuta ‘tofauti’ nikaweka ‘mbali mbali’, maneno mawili, kila moja kivyake. Mwenye mashine ya kusaga, mzee wa Kikamba aliyependa utani hata katika siku zile, akalisoma kwa sauti huku akijipangusa unga. “Kijana, jamii mbali mbali? Kwani kila jamii itapewa upande wake wa uwanja?” Wote waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia pale tangu mwaka uanze. Nilichukua kalamu, nikayaunganisha maneno yale kwa mstari mdogo chini yake kama mwalimu anavyosahihisha insha. Tangazo la tatu likabaki ukutani hadi mvua za Machi.

Tangu siku hizo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya, na ningependa kukushirikisha, ndugu msomaji, yale niliyoyaona.

Tuanze na ‘tofauti’. Asili yake ni Kiarabu, ‘tafawut’, neno linalobeba picha ya pengo: vitu viwili vilivyopishana, kimoja kikipungukiwa mahali ambapo kingine kimezidi. Wasomaji wa Kurani watalikumbuka kutoka aya ya tatu ya Sura ya 67, al-Mulk, ambamo limetumiwa kukanusha kwamba kuna kasoro katika uumbaji. Yule bibi aliisoma sura hiyo kila usiku kabla ya kulala. Pengine sikio lake lilizoea kulisikia neno hilo likiwa karibu na kasoro. Katika Kiswahili neno limepanuka, nalo lina kazi zake halali. Twasema mapacha wana tofauti moja tu, au bei zina tofauti ya shilingi 10. Lakini twasema pia kwamba mke na mume ‘wana tofauti zao’, na hapo kila mtu anaelewa kwamba nyumbani hapakaliki. Kutofautiana ni kutokubaliana. Anayesuluhisha watu hupatanisha tofauti zao.

Liko jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi. ‘Tofauti’ hudai kipimo. Ukisema, “Huyu ni tofauti,” msikilizaji atauliza mara moja: tofauti na nani? Lazima pawe na mmoja aliyesimama katikati, ambaye wengine wanapimwa kwake. Mimi niliyeandika tangazo lile nilitoka katika jamii iliyokuwa kubwa pale mtaani. Kwa hiyo, aliyesoma ‘jamii tofauti’ mwezi ule hakuwa na haja ya kuuliza tofauti na nani. Jibu alilijua, na aliyekuwa mdogo alilijua zaidi.

Sasa tulitazame ‘mbalimbali’. Neno hili limezaliwa na ‘mbali’ kwa njia ya uradidi, mbinu ambayo Kiswahili huitumia sana kuonyesha mtawanyiko na wingi wa sura: aina aina, namna namna, rangi rangi. Hata ‘tofauti’, ikirudiwa kuwa ‘tofauti tofauti’, hupoa makali kidogo, na nadhani ndiyo sababu watu wa kawaida wa Kenya hupenda kuirudia. Lakini ‘mbalimbali’ ina sifa mbili za peke yake. Kwanza, haichukui viambishi vya upatanisho: watu mbalimbali, vyakula mbalimbali, njia mbalimbali. Haimpendelei wa ngeli hii wala ile. Pili, haiwezi kumhusu mmoja. Unaweza kusema ‘mtu tofauti’. Huwezi kusema ‘mtu mbalimbali’. Ni neno linalodai wenzako wawepo ndipo nawe uhesabiwe. Halina katikati, kwa hiyo halina pembeni.

Kuhusu tahajia, wapo wanaoliandika kwa maneno mawili bila kukusudia ubaya wowote. Mimi, baada ya kicheko cha mashineni, nimeshika desturi ya kutenganisha: ‘wanakaa mbali mbali’ ni kukaa kila mmoja peke yake, huku na huko, ‘watu mbalimbali’ ni watu wa asili nyingi waliokutana. Kati ya maana hizo mbili pana nafasi moja tu ya chapa, na katika Januari ile nafasi hiyo ilikuwa pana kuliko uwanja wa mkutano.

Na ‘anuwai’? Hilo nalo ni la Kiarabu, wingi wa neno linalomaanisha aina. Ni neno zuri, lenye adabu, na wanasayansi wetu wamelitumia vyema kuunda ‘bioanuwai’. Nalitumia ninapoandika juu ya mimea na wadudu. Kwa watu wa foleni ya maji naliona limevaa koti zito mno. Sikumbuki kulisikia hata mara moja penye bomba la Landless.

Nilipokuwa nimekwisha kuyapanga hayo, nikajiona nimemaliza. Nilikuwa nimesahau kuliuliza neno la Kiingereza lenyewe lilikotoka. Kiingereza nacho kina maneno kadhaa ya wazo hili, na kila moja lina siri yake. ‘Sundry’ ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa ‘kilichotengwa, kilicho kando’. Kwa hiyo limetembea njia ile ile ya ‘mbali’ na ‘mbalimbali’, ingawa lugha hizi mbili hazikupata kuonana wakati huo. ‘Diverse’ latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugeuka na kushika njia nyingine, na katika kitenzi hicho hicho ndimo lilimotoka neno la Kiingereza la talaka. Na ‘various’ ni Kilatini ‘varius’, ambalo lilimaanisha kitu kisicho cha rangi moja, chenye mabaka, kama ngozi ya mnyama au manyoya ya ndege. Kutoka shina hilo ndiko matabibu walikopata ‘variola’, jina la ndui, ugonjwa uliojaza ngozi vipele na ambao mwaka 1980 ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani.

Niliposoma hayo nilinyamaza. Katika Kiswahili cha kila siku, ‘varius’ ni ‘yenye madoadoa’.

Mkenya hahitaji kuelezwa kwa nini neno hilo linashtua. Katika siasa za Bonde la Ufa, tangu mapigano ya miaka ya 1990, ‘madoadoa’ lilitumiwa majukwaani kuwaita wale walioonekana kuwa si wenyeji, na wasikilizaji wakaelewa kwamba wanatakiwa kuondolewa. Lilisikika tena mjini Eldoret mwezi wa Januari 2022, mwanasiasa aliyelitamka akakamatwa, na Aprili ya mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza wakati huo, “Mwalimu, doa ni doa tu. Ubaya wake uko wapi?” Swali lao lilikuwa la haki. Ubaya hauko katika silabi. Doa, kwa maana ya kawaida, ni kitu kilichochafua mahali palipokuwa safi. Anayeona doa hutafuta sabuni. Ukimwita jirani yako doa, umekwisha kusema kwamba nguo ni yako, kwamba ilikuwa safi kabla yeye hajaja, na kwamba kazi iliyobaki ni ya kufua.

Ndipo nilipomkumbuka tena yule bibi na leso zake. Yeye, kama watu wa Mombasa, aliita leso kile ambacho wengine huita kanga. Na wengi waliochunguza historia ya vazi hilo husema kwamba jina ‘kanga’ lilitokana na ndege kanga, kwa sababu ya madoa yake. Mtazame ndege huyo: madoa meupe juu ya manyoya meusi, kutoka shingoni hadi mkiani. Hakuwa mweusi mtupu kisha akachafuliwa. Hakuna sehemu yake iliyo ‘safi’ ambayo madoa yaliivamia. Wanawake wa pwani yetu walipomwona hawakutafuta sabuni, walijifunga nguo ya sura yake. Kumbe lugha ile ile ya Kiswahili iliyowapa wachochezi ‘madoadoa’ imetupa pia kanga. Uchaguzi ni wa msemaji.

Katiba ya mwaka 2010 imechagua. Katika utangulizi wake, wananchi wa Kenya wanatangaza kuonea fahari wingi wa makabila, tamaduni na dini zao, na Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya. Ni maneno mema. Lakini katiba haisomwi penye bomba la maji. Kinachosomwa pale ni tangazo lililoandikwa kwa kalamu nene na kijana aliyeombwa na wazee kwa sababu anasomea Kiswahili. Wengi wenu mnaosoma makala haya mtakuwa kijana huyo siku moja. Mtatafsiri barua ya chifu, hotuba ya mgombea, habari ya redio, fomu ya hospitali. Siwaletei sheria kwamba ‘tofauti’ lifutwe, kwani lugha bila ‘tofauti’ haiwezi kufikiri. Nasema tu kwamba kabla ya kuliandika juu ya watu, mtu ajiulize swali la msikilizaji: tofauti na nani? Akiona kwamba jibu ni ‘na sisi’, basi asubiri kidogo.

Yule bibi alifariki miaka kadhaa baadaye, naye akazikwa kwao Mombasa. Fundi hakurudi. Nilisikia kwamba alifungua karakana upande wa kwao, na nilifurahi kusikia hivyo, ingawa sikupata njia ya kumpelekea salamu. Lango alilotuchomelea lingalipo. Siku ile alipolitengeneza hakukuwa na fedha za vyuma vipya, basi aliokota alivyoweza: nondo za mjengo, ukingo wa kitanda, kipande cha fremu ya baiskeli, bamba la pipa. Likipakwa rangi huwezi kuyaona hayo, lakini rangi ikibabuka kila chuma huonyesha kilikotoka. Wapangaji wapya humuuliza mwenye ploti kwa nini asiweke lango la kisasa, naye huwajibu kwamba hili halijapata kulegea.

Mimi hupita hapo kila mwisho wa mwezi nikienda kumwona mama. Hulisukuma kwa mkono, nami nikikumbuka jinsi lilivyoundwa, neno linalonijia ni moja tu, na hulisema bila kuacha nafasi katikati.